Mzee wa Baraza na Sahihi ya Rais

Hapa mtaani kwetu Matarawe hapakuwa na mkutano wa kampeni ambao Mzee wa Baraza aliukosa. Alikwenda kwa chama tawala, akaenda kwa wapinzani, akaenda hata kwa vile vyama vidogo ambavyo mgombea wao huja na spika moja juu ya bajaji na kuhutubia wauza karanga. Alivaa suruali yake ya kaki iliyonyooshwa pasi, akasimama mbele kabisa, na mara waliporuhusu maswali mkono wake ukawa wa kwanza kupanda. Swali lake halikubadilika.

"Mgombea wenu wa urais, akiletewa karatasi ya kumnyonga mtu, atatia sahihi au hatatia?"

Watu walicheka. Songea tuna maswali yetu ya kampeni na yanajulikana: mbolea ya ruzuku itafika lini, mahindi yatanunuliwa bei gani, barabara ya mtaani itawekwa lami au tutaendelea kula vumbi. Kunyonga hakumo. Nakumbuka kijana mmoja wa kampeni, tai imemkaba shingo, alimjibu kwa upole wa kumfukuza: "Mzee wangu, sisi leo tunazungumzia maendeleo."

"Na mimi nazungumzia kalamu," alisema. "Huyo unayemwombea kura ndiye atakayeishika. Wewe hujamuuliza?"

Kijana hakuwa amemuuliza. Kwa kweli hata mimi, niliyefundisha somo la Uraia kwa miaka mingi katika sekondari ya hapa mjini, sikuwa nimewahi kujiuliza.

Jina la Mzee wa Baraza lilitokana na kazi aliyowahi kuifanya kwa muda mfupi tu. Riziki yake ilikuwa kutengeneza baiskeli karibu na soko, na bodaboda zilipoimaliza biashara ya baiskeli akahamia kuziba pancha za pikipiki. Lakini aliwahi kuitwa mahakamani kuwa mzee wa baraza. Wasiojua niwaeleze: katika kesi za mauaji, jaji hakukaa peke yake. Aliketi na raia wa kawaida, watu wazima wenye heshima zao, wakasikiliza mashahidi wote, na mwisho kila mmoja akasimama kutoa maoni yake, mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji hakulazimika kuyafuata, ila alilazimika kuyasikia. Siku hizi sheria imebadilishwa, si lazima tena jaji awe na wazee. Nilipompa habari hiyo, Mzee wa Baraza alikuwa anazamisha tyubu ndani ya karai la maji, akitafuta ilipotoboka. Hakuinua kichwa.

"Wamechelewa," alisema.

Jina hilo, basi, watu walimpa kwa heshima. Yeye hakulipenda hata siku moja, na hakumkataza mtu kulitumia.

Kama ulikuwa unatafuta mtu wa kuamua ugomvi, hukupaswa kwenda kwake. Nilishuhudia majirani wawili wakimpelekea kesi ya mbuzi aliyeingia shambani na kufyeka mahindi machanga. Mmoja alidai mbuzi alifungwa vizuri ila kamba ilikatwa na watu, mwingine alidai kamba haikuwapo kabisa. Waliongea mpaka mapovu. Mzee wa Baraza aliwasikiliza wote wawili kwa makini ambayo sijapata kuyaona hata kwa padre kitubioni, akawarudisha nyuma, akauliza kamba ilikuwa ya katani au ya plastiki, akauliza nani mwingine aliona. Tukadhani sasa anahukumu. Akafuta mikono kwa tambara lenye grisi.

"Nimewasikia," akasema. "Maoni sina."

"Sasa ulikuwa unatuuliza yote hayo ya nini, baba?"

"Ili niwasikie."

Wakaondoka wakimlaani, na nusu ya laana nadhani ilikuwa halali. Lakini mtu huyohuyo asiye na maoni juu ya mbuzi alikuwa na maoni makali juu ya kila kitu kingine. Mkate wa duka lile umejaa hewa. Kwaya ya vijana inaimba kama inafukuza ngedere. Refa wa mechi ya juzi angefaa kuchunga bata. Alimsema mkwewe mbele ya wageni. Alikuwa mgumu, na nyumbani kwake hakuwa mtu rahisi. Mke wake alizoea kuniambia, huku anapepeta mchele, "Huyu alimwoa Rais kwanza, mwalimu. Mimi ni mke wa pili."

Mchana hakula. Hakusema amefunga, na hakuwa Mwislamu. Yeye ni Mkatoliki wa misa ya kwanza. Alikunywa togwa asubuhi, akala ugali jioni, na katikati hakutia kitu kinywani. Nilimsindikiza safari moja hospitali ya Peramiho, tumbo lilipomsumbua mpaka akashindwa kuinama. Daktari alimwambia tumbo tupu ndilo linalojila lenyewe, kwa hiyo ale mchana hata kidogo.

"Daktari, chakula cha mchana kina usingizi."

"Basi ulale, mzee! Umri wako unaruhusu."

Alimtazama yule daktari kwa namna iliyonifanya niangalie pembeni. Dawa alizichukua. Chakula cha mchana hakula.

Kanisani alisimama. Wakati wa mahubiri, watu wote tumekaa, wengine tunasinzia kabisa kwa kuwa mahubiri ya pale si mafupi, yeye alisimama upande wa ukuta akimkazia macho padre. Wageni walimdhani mlinzi. Padre mmoja aliwahi kumsifu mbele ya waumini kwa kiu yake ya Neno la Mungu, na Mzee wa Baraza akatoka nje. Sikumwelewa. Nilidhani ni unyenyekevu, nikamheshimu kwa jambo ambalo hakuwa nalo.

Mara moja tu nilimwona amekasirika kweli, na ilikuwa siku ya uchaguzi mkuu. Alifika kituoni wa kwanza kama kawaida yake, akapewa karatasi zake, akaingia kwenye kile kituturi cha kupigia kura. Akakaa humo. Foleni ikawa ndefu, jua likapanda, wanawake wenye watoto mgongoni wakaanza kunung'unika. Nilikuwa nyuma yake kidogo na niliona miguu yake chini ya kituturi, haijongei. Ndipo karani mmoja, binti mchangamfu asiye na nia mbaya, akapaza sauti: "Mzee! Umelala humo?"

Alitoka na karatasi mkononi. "Usirudie," alimwambia. "Usirudie kuniambia hivyo, binti. Mimi silali." Kisha akarudi ndani, akamaliza, akatumbukiza kura yake na kwenda zake bila kumsalimia mtu. Yule binti alibaki na machozi, na sisi kwenye foleni tukakubaliana kwamba uzee una mambo.

Kwangu alizoea kuja alasiri, nikisahihisha madaftari barazani. Alikataa kiti, akakaa kwenye ngazi, na kila mara alianza kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Mwalimu, hebu niambie tena. Rais anapatikanaje?"

Nilimwambia kama ninavyowaambia wanafunzi. Lazima awe raia wa kuzaliwa, awe na umri wa miaka arobaini au zaidi, adhaminiwe na chama, awe na mgombea mwenza. Wananchi wanapiga kura nchi nzima, anayepata kura nyingi kuliko wenzake ndiye. Tume ikishamtangaza, hakuna mahakama inayoweza kuhoji ushindi wake. Anaapishwa ndani ya siku saba. Miaka mitano, na akirudishwa, mitano tena, basi.

"Akiapishwa, mafaili ya yule aliyetoka anayarithi?"

"Anarithi yote. Ofisi haifi."

"Na yale ya watu wa kunyongwa?"

"Hata hayo."

"Na Rais akifariki katikati?"

"Makamu anaapishwa, anamalizia kipindi."

"Naye anarithi?"

"Anarithi, baba."

"Kwa hiyo hakuna siku ambayo mafaili hayana mwenyewe."

Hilo jibu lilikuwa lake, na sikuwa nimelifikiria hivyo. Mara nyingine alitaka kujua mamlaka ya Rais. Nilimhesabia: ni Amiri Jeshi Mkuu, anateua mawaziri na majaji na wakuu wa mikoa, anaridhia sheria, anaweza kulivunja Bunge kwa masharti. Aliyasikiliza hayo kama mtu anayesubiri basi lake kati ya mabasi ya wengine. Nilipofika kwenye ibara ya msamaha ndipo aliposogea. Nilimweleza kwamba Rais anaweza kumsamehe mfungwa moja kwa moja, au kwa masharti, au kuibadilisha adhabu iwe ndogo zaidi. Kwamba mtu akihukumiwa kifo na rufani ikashindwa, hanyongwi mpaka Rais atie sahihi, na kwamba marais wetu kwa miaka mingi wameziacha karatasi hizo mezani bila kutia.

"Kwa miaka mingi," alirudia. "Lakini hakuna aliyeifuta."

"Hiyo ni kazi ya Bunge, baba, siyo ya Rais peke yake."

"Kwa hiyo kila tunapochagua, tunachagua upya mtu wa kutotia sahihi."

Nilicheka. Sijui kwa nini nilicheka. Nilikuwa na rundo la madaftari na nilitaka aondoke, na alipoondoka nilijisikia vibaya bila kujua sababu.

Nilimwomba mara nyingi aje darasani kuwaeleza wanafunzi wangu mahakama inavyofanya kazi, maana vitabu vyetu vinaeleza kwa mistari miwili. Alikataa kila mara. "Mimi sifai kuonyeshwa watoto," alisema, na niliona kwamba hakuwa anajinyenyekeza.

Ukweli niliupata siku moja ya sikukuu ya kitaifa. Redio ilitangaza kwamba Rais ametoa msamaha kwa wafungwa, kama ilivyo desturi, na safari hii baadhi ya waliohukumiwa kunyongwa wamebadilishiwa adhabu kuwa kifungo cha maisha. Sijamaliza hata kuisikia habari, Mzee wa Baraza yuko mlangoni, peku, kandambili kaziacha sijui wapi.

"Wamesoma majina?"

"Hawasomi majina, baba. Wanataja idadi tu."

"Unaweza kumwuliza nani?"

"Unamtafuta nani?"

Hapo akakaa. Alikaa kwenye kiti, kwa mara ya kwanza nyumbani kwangu.

Alinisimulia akiangalia mikono yake. Kesi ilitoka Tunduru, upande wa Nalasi. Mnunuzi wa korosho alikutwa ameuawa njiani jioni, karibu na magharibi, amekatwa panga. Hakuna aliyeona uso wa muuaji, ila shahidi mmoja alisema alimwona mtu anakimbia kati ya mikorosho amevaa koti la kijivu, na koti la kijivu pale kijijini alikuwa nalo kijana mmoja, ambaye wiki hiyo hiyo aligombana na marehemu kwenye mizani. Mshtakiwa alisema alikuwa nyumbani. Shahidi wake alikuwa mama yake.

"Mama aliitwa mchana, tumetoka kula," alisema. "Tulikula vizuri siku ile, mwalimu. Ugali wa moto, nyama, na dagaa wa Nyasa juu yake. Mama hakujua Kiswahili cha mahakamani, akasema Kiyao, mkalimani anatafsiri kipande kwa kipande, polepole, jaji anaandika kwa mkono. Joto. Feni haifanyi kazi. Na mimi nimeshiba. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilishiba."

Alisinzia. Si kidogo, alilala kabisa, kichwa kimeegemea ukuta. Alipozinduka mkalimani alikuwa anasema, "...kwa hiyo koti lilikuwa bado halijakauka." Mama akashuka. Kwisha.

"Koti lilikuwa halijakauka. Ndicho nilichosikia. Halijakauka nini? Nani alililowesha? Nikataka kuuliza, maana mzee wa baraza anaruhusiwa kuuliza. Nikaona aibu. Nitaulizaje kitu ambacho watu wote wamekisikia? Nikasema wenzangu wamesikia, watajua."

Siku ya maoni, wenzake wawili walitangulia kusimama. Wa kwanza akasema ana hatia. Wa pili akasema ana hatia. Yeye akasimama na kusema ana hatia.

"Nilisema kwa sauti kubwa, ili nisionekane nina usingizi."

Jaji naye aliona hivyo. Aliandika kwamba mama ni mama, na hawezi kumwacha mwanawe azame. Adhabu ya mauaji ni moja, kunyongwa. Rufani ikashindwa. Tangu hapo kijana yule alikuwa gerezani mbali, anasubiri, na Mzee wa Baraza alikuwa Songea, anasubiri naye, na wote wawili wakimsubiri Rais.

Nilifanya kile ambacho msomi hufanya akikosa la kufanya, nilimpa sheria. Nikamwambia maoni ya mzee wa baraza hayamfungi jaji. Kwamba hata angesema hana hatia, huenda hukumu ingekuwa ile ile.

"Kama hayamfungi jaji," alisema, "mbona yananifunga mimi?"

Nikamwuliza kwa nini hakwenda kumwona yule mama miaka yote hiyo. Tunduru si ng'ambo.

"Nilitaka Rais amalize kwanza. Nilisema akimtoa, nitakuwa sina la kwenda kusema. Kila uchaguzi nikasema labda huyu. Nilikuwa namngoja Rais afanye kazi yangu."

Tulikwenda pamoja likizo iliyofuata. Mke wake alimfungia mihogo ya kuchemsha, naye Mzee akaiacha kwenye kiti cha basi. Tulipofika Tunduru tulichukua gari dogo la abiria hadi Nalasi, kati ya mikorosho iliyokuwa inaanza kutoa maua, na njia nzima hakuwa na maoni hata juu ya dereva, aliyeendesha kama mwizi. Haikuwa vigumu kuipata nyumba. Tulimwuliza mwanamke kisimani, naye akasema, "Kwa mama wa yule muuaji?" na akanyoosha mkono.

Mama yule alikuwa mzee kuliko nilivyomtarajia, mwembamba, mtandio mweusi, anabangua korosho kibarazani, vidole vyeusi kwa utomvu wake. Tulimpa shikamoo na salamu, akatukaribisha mkekani. Nilikuwa nimejitayarisha kumtambulisha mwenzangu. Hakunipa nafasi.

"Huyu namjua," alisema kwa Kiswahili chake kizito. "Wewe ndiye uliyelala."

Mzee wa Baraza aliinamisha kichwa.

"Ndiye mimi, mama."

"Nilikuwa nasema, nakuona. Nikamwambia mkalimani, mwamsheni yule baba. Hakutafsiri. Alifikiri namtukana mtu."

Akaendelea kubangua. Kisha akatuambia habari ambayo sisi hatukuwa nayo. Mfungwa mmoja aliyemaliza kifungo alipita kumletea salamu: mwanawe ni miongoni mwa waliobadilishiwa adhabu. Kamba imeondoka, sasa ni maisha. Mzee wa Baraza alifumba macho, akajifanyia ishara ya msalaba, pale pale barazani kwa Mwislamu, na mama akamwacha.

"Alhamdulillahi, nimeshukuru," mama alisema. "Rais nimemwombea dua. Lakini Rais amempunguzia adhabu. Hajasema hakuua. Na hata akimtoa kabisa kesho, atamrudisha wapi? Hapa wanatuitaje, hamkusikia mlipouliza njia?"

Tulikuwa tumesikia.

"Umefuata nini?" akamwuliza.

"Kusikiliza, mama. Yale uliyosema."

Nilidhani atatufukuza. Badala yake alijipangusa vidole kwa majani makavu, akakaa sawasawa, akaanza kusema, na mara moja nikaona kwamba alikuwa ameyasema maneno hayo peke yake mara nyingi. Alisema siku hiyo mwanawe alikuwa na mwaliko wa harusi ya kesho yake, akamwomba amfulie koti. Alilifua mchana kwa sabuni ya mche, koti zito la mtumba, akalianika kwenye mkorosho wa uani. Jioni wingu likatanda, akaliondoa linachuruzika, akalitundika ndani juu ya jiko. Wakati wa magharibi, kelele za kijijini zilipoanza, mwanawe alikuwa kifua wazi karibu na jiko hilo, analigeuza koti, anamlaumu mama yake kwa nini alilifua kwa kuchelewa. Basi koti lilikuwa bado halijakauka.

Mzee wa Baraza alikuwa amesogea mpaka ukingo wa mkeka. Akauliza: nani mwingine aliliona? Dada wa kijana, lakini alikuwa mdogo, polisi hawakumwandika, na sasa ni marehemu. Akauliza: aliyeona koti njiani, alisema limelowa au kavu? Mama hakujua, hakuna aliyemwuliza. Aliuliza kama alivyowauliza wale wa mbuzi, na mama alijibu kila swali bila haraka.

Kisha mama akasema, "Haya. Umesikia. Unasemaje?"

Niliogopa jibu lake lolote. Angesema kijana hana hatia, angekuwa anamfurahisha mama. Angesema hana maoni, nisingemsamehe mimi mwenyewe.

"Mama, mimi siwezi kuapa kwamba hakuua," alisema. "Sikuwapo. Lakini ningekuwa macho siku ile, ningesema nina shaka."

"Shaka tu?"

"Shaka inatosha. Palipo na shaka, mtu hahukumiwi. Tuliambiwa hivyo, na jaji mwenyewe, kabla ya kusimama."

Mama alimtazama kwa muda mrefu. Sikuona msamaha usoni mwake, na nadhani mwenzangu hakuja kuutafuta. Mama alijitanda mtandio, akainuka kwa kushika nguzo.

"Basi usiniambie mimi," alisema. "Mimi najua. Nifuate."

Watu walikuwa wanatoka msikitini baada ya swala ya alasiri. Mama alisimama nje ya uwanja wa msikiti, hakuingia, akamwita mzee mmoja mwenye kanzu ya kahawia, akamwomba awazuie wenziwe kidogo. Walisimama kwa udadisi, wengine wanavaa viatu. Mzee wa Baraza alipiga hatua mbele. Mtu aliyekuwa akiuliza maswali kwenye mikutano ya kila chama sasa alikuwa anatafuta sauti.

"Mimi ni mmoja wa wale wazee waliokaa kwenye kesi ya kijana wa hapa," alisema. "Mama huyu alipokuwa anatoa ushahidi, mimi nilikuwa nimelala. Kisha nikasimama nikasema mwanawe ana hatia. Leo nimemsikia. Ningemsikia siku ile, nisingesema vile. Nimekuja kuyasema hayo mbele yenu. Nimechelewa, na lawama ni yangu."

Yule mzee wa kanzu ya kahawia ndiye aliyesogea, taratibu, akisaidiwa na bakora. Baadaye niliambiwa alikuwa kaka wa yule mnunuzi wa korosho.

"Miaka yote hii nilijua aliyemuua mdogo wangu," alisema. "Nilikuwa namtaja kwa jina kwenye dua zangu. Sasa unaniambia nini? Nani alimuua?"

"Sijui, ndugu yangu," Mzee wa Baraza alisema.

"Hujui."

"Sijui."

Mzee wa kanzu alimgeukia mama wa yule kijana. Walikuwa majirani, nyumba zao zinaonana, na kwa jinsi watu walivyowatazama nilielewa kwamba hawajasalimiana tangu kesi ile.

"Lile koti," alimwuliza mama hatimaye, "hebu nieleze na mimi."